Kubadilisha sakafu ya zege ya gereji kwenye nchi ya theluji: mwongozo kamili

Sakafu nyingi mpya za gereji huku Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, huharibika winta ya kwanza au ya pili. Uso unabambuka magamba, kokoto zinachungulia, kona moja inanyanyuka na mlango haufungi tena. Mwenye nyumba analaumu saruji, fundi analaumu baridi.

Baridi peke yake haivunji zege. Kinachovunja ni maji yanayoganda, kwa sababu yakiwa barafu ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 9. Maji hayo yana njia tatu za kuingia: kutoka ardhini, kutoka kwenye ndoo ya fundi siku ya kumwaga, na kutoka kwenye theluji yenye chumvi inayodondoka kwenye gari. Ukizifunga zote tatu, sakafu itadumu miaka mingi. Ukifunga mbili tu, utarudia kazi.

Hesabu zote hapa ni za gereji ya magari mawili, futi 20 kwa futi 22 (mita 6.1 kwa 6.7), isiyo na joto ndani, kwenye jimbo ambalo ardhi inaganda kwa kina kirefu. Vipimo ni vya futi na inchi kwa kuwa ndivyo utakavyonunulia vifaa dukani.

## Kabla ya lolote: kuta zimekaa juu ya nini?

Gereji zilizojitenga na nyumba, hasa za zamani, mara nyingi hujengwa juu ya slabu moja yenye kingo nene, na kuta husimama juu ya slabu hiyohiyo. Ukiivunja, umevunja msingi. Kazi ya namna hiyo inahitaji kuinua jengo zima kwa jeki, na mwongozo huu hauihusu.

Namna ya kujua: chimba kishimo nje, karibu na ukuta, futi mbili kwenda chini. Ukikuta ukuta wa zege au matofali unaoendelea kushuka, kuta zina msingi wao na sakafu imeelea katikati. Huko Minnesota kanuni za ujenzi zinataka msingi wa aina hiyo ushuke inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini. Ukikuta ukingo wa slabu unaishia hapo juu juu, simama, mwite mhandisi.

Angalia pia kama kuna mabomba ya maji moto au nyaya za umeme ndani ya sakafu.

## Vifaa

Vya kununua:

- Kokoto safi zilizopondwa za inchi ¾, yadi za ujazo 10 (kama tani 14). Zikishashindiliwa zitatoa tabaka la inchi 6.
- Nailoni ya kuzuia unyevu, unene wa mil 10 au zaidi (karibu milimita 0.25), futi za mraba 550, pamoja na utepe wake maalumu. Ile nyembamba ya mil 6 hutobolewa na kokoto kabla hujamaliza kuitandika.
- Nondo za inchi 3/8 (mm 10), vipande 34 vya futi 20, na waya wa kufungia.
- Viti vya plastiki vya kuinulia nondo, au biskuti za zege, urefu wa inchi 2½.
- Ukanda wa sponji wa nusu inchi wa kutenganisha slabu na ukuta, futi 90.
- Zege la kuletwa na lori, yadi za ujazo 7½.
- Dawa ya kupuliza ya kuzuia zege lisikauke haraka, na baadaye dawa ya silani au siloksani ya kuzuia maji.

Vya kukodi: nyundo ya umeme ya kuvunjia zege, msumeno wa zege unaotumia maji, mashine ya bamba ya kushindilia, mashine ya kuruka (ya kushindilia kwa kudundadunda) kwa sehemu nyembamba, leza ya kupimia usawa, na kontena la vifusi.

Vya mkononi: mataimbo mawili, koleo za mdomo bapa, toroli imara, rula ya alumini ya futi 12, kibao kipana chenye mpini mrefu, vibao vya mkononi vya magnesiamu, ufagio laini wa zege, viatu vya mpira virefu, glavu zisizopitisha maji, miwani, na barakoa za vumbi zenye kichujio cha kweli. Vumbi la zege lina silika, nayo huharibu mapafu. Kitambaa cha kujifunga puani hakikusaidii.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe

Dirisha zuri ni kuanzia Mei hadi mwisho wa Septemba. Aprili inadanganya: theluji imeondoka, watu wametoka na kaptura, lakini futi mbili chini ardhi bado ni jiwe. Piga nondo ardhini kwa nyundo. Ikigota kama imegonga mwamba, subiri.

Mwisho wa Septemba una sababu yake. Zege likishamaliza kutunzwa kwa unyevu linahitaji kama siku 30 za kukauka hewani kabla ya kuonja chumvi ya barabarani. Ukimwaga Oktoba, chumvi ya Novemba inalikuta bado limejaa maji.

## Hatua ya 2: Kibali, simu ya 811, na alama za usawa

Nenda ofisi ya ujenzi ya mji wako uulize kama unahitaji kibali na kama mkaguzi lazima aone nondo na nailoni kabla ya zege kumwagwa. Miji inatofautiana. Siku kadhaa kabla ya kuchimba piga 811, waje kuweka alama za mabomba ya gesi na nyaya. Huduma hiyo ni bure kote Marekani.

Kisha washa leza na uweke alama ukutani kuzunguka gereji yote, kuonyesha uso wa sakafu mpya utakapofika. Usiifuate sakafu ya zamani, huenda ndiyo iliyopinda. Sakafu ishuke kuelekea mlango wa gari kwa inchi ⅛ kila futi: kwa futi 22, nyuma itakuwa juu ya mlango kwa inchi 2¾. Ukikosa mteremko huu, theluji iliyoyeyuka itaunda ziwa chini ya gari, na usiku litaganda.

## Hatua ya 3: Kuvunja

Slabu ya zamani ya inchi 4 ina uzito wa tani 10 hivi. Mwambie mwenye kontena kwamba ni zege tupu, maana makontena ya kawaida yana kikomo cha uzito ambacho utakipita kabla hujafika nusu. Zege lisilochanganywa na mbao wala udongo mara nyingi hupokelewa kwa bei nafuu, kwa kuwa husagwa na kutumika tena.

Kata kwanza kwa msumeno wa maji kuzunguka kuta, inchi chache kutoka ukutani, ili mtikisiko wa nyundo usihamie kwenye msingi. Anzia mlangoni. Chimbua udongo chini ya ukingo, ingiza taimbo, inua kidogo, kisha piga juu: kipande chenye uwazi chini hupasuka kwa mapigo machache, kilicholala juu ya ardhi hunyonya nguvu zako tu.

Ukikuta uwazi mkubwa chini ya slabu, hasa kando ya ukuta wa nyumba, weka alama. Hapo ndipo wajenzi wa kwanza walirudishia udongo bila kuushindilia, na huenda ndiyo sababu sakafu ilizama.

## Hatua ya 4: Tibu ardhi

Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, kwa sababu haitaonekana tena.

Ardhi hunyanyuka kwenye baridi pale vitu vitatu vinapokutana: udongo wa chembe laini unaovuta maji juu, maji yenyewe, na baridi ya kugandisha. Maji yakivutwa kuelekea sehemu iliyoganda hujijenga kuwa matabaka ya barafu, na matabaka hayo husukuma slabu juu. Baridi ya Minnesota huwezi kuiondoa. Udongo na maji unaviweza.

Chimba mpaka inchi 11 chini ya uso wa sakafu mpya: inchi 5 za zege na 6 za kokoto. Kama slabu ya zamani ilikuwa ya inchi 4 juu ya udongo mtupu, utatoa karibu yadi 9 au 10 za udongo. Udongo mweusi wenye mizizi, tope, na ule wa kijivu unaoteleza kama unga uliolowa, vyote viondoe hata kama itabidi uende chini zaidi, ujaze kwa kokoto.

Zile sehemu zenye uwazi kando ya ukuta, chimba hadi ufikie udongo mgumu. Rudishia kwa matabaka ya inchi 4 hadi 6, kila moja ikishindiliwa kwa mashine ya kuruka. Tabaka la futi nzima likipigwa juu mara moja hushikana juu tu, chini hubaki sponji.

Toka nje sasa. Mifereji ya paa inamwaga wapi? Maji ya paa yakitua pembeni mwa gereji, yatarudi chini ya sakafu mpya. Yasogezwe mbali, na ardhi ya nje ishuke inchi 6 katika futi 10 za kwanza kutoka ukutani. Hii ni kazi ya jioni moja na inaokoa kuliko nondo zote utakazofunga.

Umefaulu ikiwa kisigino cha kiatu hakiachi alama unapokikandamiza popote.

## Hatua ya 5: Kokoto

Kokoto safi zinavunja njia ya maji: nafasi kati ya mawe ni kubwa mno kuvuta maji juu. Ndiyo maana usikubali kifusi chenye vumbi jingi, hata kama muuzaji anasema kinashikana vizuri. Mchanganyiko wa barabara unaoitwa Class 5 unashikana kweli, lakini chembe zake laini zinaweza kushika maji.

Mwaga inchi 3, pitisha mashine ya bamba mara mbili kwa kukatiza, kisha inchi 3 nyingine. Pima kwa leza kila futi 4. Kosa la inchi moja hapa ni slabu ya inchi 4 mahali ulipolipia 5, na ufa unajua pa kuanzia.

## Hatua ya 6: Nailoni, sponji na nondo

Tandika nailoni juu ya kokoto. Karatasi zipandane inchi 6 na uzibe kwa utepe. Ipandishe ukutani kidogo, utakata ziada baadaye.

Bandika ukanda wa sponji kwenye kuta zote, kuzunguka kila nguzo, na mlangoni sakafu inapokutana na zege la nje. Slabu lazima iwe huru kupanda na kushuka bila kuvuta ukuta. Slabu iliyogandana na ukuta hupasuka futi moja au mbili kutoka ukingoni.

Mlangoni pana hila yake. Zege la nje hunyanyuka wakati wa baridi kuliko la ndani. Sakafu yako iwe juu yake kwa nusu inchi na mdomo wake uteremke kwenda nje. La sivyo, Januari maji yataingia ndani na raba ya mlango itagandia sakafuni.

Funga nondo kila inchi 18, pande zote mbili. Zinapoungana zipishane inchi 15. Zikae inchi 2 chini ya uso wa slabu, juu ya viti, kiti kila futi 3. Tabia ya kulaza nondo chini na kuzivuta kwa ndoano wakati zege linamwagwa haifanyi kazi: mtu anayevuta ndiye huyohuyo anayezikanyaga zirudi chini. Nondo iliyolala juu ya nailoni haishiki ufa wowote. Na tuelewane, nondo hazizuii ufa. Zinauzuia usifunguke.

## Hatua ya 7: Kuagiza zege

Usikoroge mwenyewe kwa mifuko. Yadi 7½ ni mamia ya mifuko, na la kwanza litakuwa limeshika kabla ya la mwisho kukorogwa. Ipigie kampuni ya malori na uwaambie maneno haya, bila kupunguza:

- Nguvu psi 4,500, yaani pauni kwa inchi ya mraba (karibu megapaskali 31).
- Uwiano wa maji kwa saruji usizidi 0.45.
- Hewa asilimia 6, kwa kokoto za inchi ¾. Kati ya 5 na 7 inakubalika.
- Mporomoko wa inchi 4, yaani kiasi ambacho zege bichi hushuka likitolewa kwenye koni ya kupimia.
- Kama utahitaji kichochezi cha kushika haraka, kiwe kisicho na kloridi. Chenye kloridi hula nondo.

Kwa walioko Canada ni rahisi zaidi: sema zege la daraja la C-2, na mwenye kiwanda ataelewa yote.

Ile hewa si mapambo. Ni viputo vidogo sana vinavyotengenezwa na dawa kiwandani, na kazi yake ni kuyapa maji yanayoganda mahali pa kupanukia. Zege lisilo na viputo hivyo, hata liwe na saruji kiasi gani, linabambuka.

Lori lililojaa lina uzito wa tani 30 hivi, nalo linaweza kuvunja njia yako ya kuingilia gari. Liache barabarani, utumie toroli juu ya mbao au ukodi pampu ndogo. Uliza pia kuhusu ada ya mzigo mdogo, maana lori lisilojaa hutozwa nyongeza.

Dereva akifika ataangalia zege, kisha atakuuliza: niongeze maji? Jibu ni hapana. Galoni moja kwa kila yadi inapunguza nguvu kwa psi 200 hivi, na inaacha vinyweleo ambamo maji ya chumvi yatakaa. Kama zege ni gumu mno kufanyia kazi, omba kilainishi cha kiwandani wakati wa kuagiza, si maji ya mpira wa bustani.

## Hatua ya 8: Kumwaga

Unahitaji watu wanne wenye mikono, achana na wanaokuja kupiga picha. Pilau iive baada ya kazi.

Weka reli moja ya bomba katikati ya gereji, kwenye kimo cha leza, ili upate njia mbili za futi 10. Usipigilie vigingi kupita kwenye nailoni. Ikalishe juu ya vichuguu vidogo vya zege.

Anzia ukuta wa nyuma, urudi mlangoni. Mwaga zege karibu na mahali linapotakiwa. Usilirundike sehemu moja na kulisukuma kwa reki, maana kokoto hubaki na uji hutangulia. Lisukumie kwa koleo pembezoni na kuzunguka nguzo ili lisiache mifuko ya hewa.

Vuta rula ya alumini kwa kukata kushoto na kulia kama msumeno, zege kidogo likitangulia mbele yake. Mtu mmoja anajaza mabonde, mmoja anaondoa ziada. Ukimaliza njia moja, toa reli na ujaze mahali pake kabla zege halijashika.

Mara tu baada ya rula, pitisha kibao cha mpini mrefu, njia moja kwenda na moja kurudi. Basi. Kila mpito wa ziada unapandisha uji juu.

Zege bichi huunguza ngozi taratibu bila kukuonya. Likiingia ndani ya kiatu, vua na uoshe palepale.

## Hatua ya 9: Umaliziaji, na kwa nini usipige niru

Hapa ndipo uzoefu wa nyumbani unapotuponza. Fundi wa Mwanza au Nakuru anajua sakafu nzuri: nyunyiza saruji kavu, rashia maji, piga mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Kwenye nchi isiyoganda, niru ni kazi safi. Kwenye gereji ya Minnesota ni hukumu ya kifo. Mwiko wa chuma unaziba uso mapema, unafinya viputo vya hewa pale juu ambako vinahitajika zaidi, na unafungia chini maji yaliyokuwa yanapanda. Matokeo yake ni ngozi ya unene wa sarafu inayong'oka yote winta ya kwanza.

Fanya hivi badala yake.

Subiri. Baada ya kibao kirefu, maji huonekana yakimetameta juu. Zege lenye hewa hutoa maji machache, lakini siku ya baridi yanachelewa kupanda. Usiguse kitu mpaka mng'ao upotee wenyewe. Usikaushe kwa saruji ya unga na usifagie maji ndani ya zege.

Jaribu kwa mguu: kanyaga. Kiatu kikizama robo inchi au pungufu, anza. Pitisha kibao cha magnesiamu kwa mkono, ukipiga magoti juu ya vipande vya mbao pana. Magnesiamu husawazisha bila kuuziba uso.

Kisha vuta ufagio laini mara moja kuelekea mlangoni, mistari yote upande mmoja. Mistari hiyo husaidia maji kutoka na soli ya kiatu kushika wakati kuna barafu.

Umefaulu ikiwa uso una rangi moja isiyo na madoa meusi ya kung'aa. Madoa hayo ni pale mtu alipopitisha mwiko mara moja zaidi.

Wapo watakaosema kanuni za nyumba za Marekani zinaruhusu sakafu ya gereji iliyopigwa mwiko wa chuma. Ni kweli, kwa hewa isiyopungua asilimia 3 na nguvu ya psi 4,000 au zaidi. Kwa gari linaloingia na chumvi kila jioni, nisingechukua ruhusa hiyo.

## Hatua ya 10: Kukata viungio

Zege litasinyaa na litapasuka. Unachochagua ni mahali pa ufa. Gawa sakafu iwe vipande vinne vya futi 10 kwa 11, kina cha mkato kikiwa robo ya unene, yaani inchi 1¼. Mkato upite kwenye pembe za nguzo, kwa kuwa ufa hupenda pembe.

Kata kati ya saa 6 na 18 baada ya kumaliza, kutegemea joto. Jaribu kidogo: msumeno uking'oa kokoto pembeni, ni mapema. Ukingoja mpaka kesho kutwa, ufa utakuwa umeshachagua njia yake.

## Hatua ya 11: Kulitunza zege

Nyumbani tunamwagilia asubuhi na jioni. Lengo huku ni lilelile: unyevu usitoke kwa siku 7. Puliza ile dawa ya kuzuia ukavu mara tu baada ya ufagio, au funika kwa magunia yaliyolowa na nailoni juu yake. Magunia yasikauke mchana. Kulowa na kukauka kwa zamu kunaleta nyufa ndogondogo.

Unaweza kutembea juu yake kesho yake. Gari dogo lingoje siku 7 kama hali ni ya joto, siku 14 kama usiku ni baridi. Mizigo mizito ingoje siku 28.

## Ukilazimika kumwaga kwenye baridi

Joto likitarajiwa kushuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi (40 za Farenhaiti), kanuni zinabadilika.

Ardhi isiwe imeganda. Zege lililomwagwa juu ya ardhi iliyoganda hushika chini kwa kuchelewa, na ardhi ikiyeyuka huzama. Funga milango, tandika mablanketi ya kuhifadhi joto juu ya kokoto siku kadhaa kabla.

Zege liwe na nyuzi 13 au zaidi linapotua. Kiwanda hutumia maji moto, kwa nyongeza ya bei. Likishamwagwa, lisigande kabla ya kufikia nguvu ya psi 500 (megapaskali 3.5). Likitunzwa kwenye nyuzi 10 hufika hapo kwa siku moja au mbili. Likiganda kabla, hakuna dawa: linavunjwa. Na kwa sakafu itakayokutana na chumvi, psi 500 ni ya kunusurika tu. Liache chini ya mablanketi wiki nzima.

Hita za mafuta au gesi zisizo na bomba la kutolea moshi nje usiziweke ndani. Kwanza, zinatoa kaboni monoksidi, na gereji iliyoungana na nyumba hupeleka hewa hiyo vyumbani mnamolala. Haina harufu. Weka king'ora chake. Pili, kaboni dioksidi yake humenyana na uso mbichi wa zege na kuugeuza chaki. Sakafu itatoa vumbi milele, kila ukifagia. Tumia hita ya umeme, au ile inayowaka nje na kupuliza hewa moto ndani.

Siku ya kuondoa mablanketi, usiyatoe yote ghafla kwenye baridi kali. Acha joto lishuke pole pole, lisizidi nyuzi 28 za Selsiasi ndani ya saa 24, la sivyo uso unasinyaa wakati kiini bado kina joto.

## Winta ya kwanza

Baada ya siku 28, sakafu ikiwa kavu, paka dawa ya silani au siloksani. Huzama ndani na kuzuia maji bila kuacha ngozi juu. Rangi ya epoksi ingoje mwaka. Jaribu kwanza kwa kubandika kipande cha nailoni sakafuni usiku mmoja, na kikitoa jasho chini, bado.

Usimwage chumvi yoyote ya kuyeyushia barafu juu ya sakafu hii mwaka wa kwanza. Tumia mchanga. Bidhaa zenye amonia salfeti au amonia naitreti zisiingie gerejini mwaka wowote, maana hizo hulishambulia zege lenyewe kikemikali. Soma mfuko nyuma, si mbele.

Chumvi inayodondoka kwenye gari huwezi kuikwepa. Sukuma lile tope la theluji nje kwa kibao cha mpira kila jioni kabla halijaganda, na kila siku ya joto kidogo osha sakafu kwa maji, kuelekea mlangoni.

Machi, barafu inapoachia, kagua. Ufa mwembamba kama unywele ndani ya mkato ni kazi nzuri. Ufa nje ya mkato wenye upana wa kuingiza sarafu, au upande mmoja ukiwa juu ya mwingine, unakuambia chini kuna maji: rudi kwenye mifereji ya paa kabla hujagusa zege. Vibambo vidogo vikitokea tu pale matairi yanapolala, rudia dawa ya silani kiangazi, sakafu bado ni nzima.